Andiko la Kitabu Si Tasnifu Iliyofupishwa

Tasnifu ikishapita, ikajalidiwa kwa jalada gumu lenye herufi za dhahabu na nakala yake kuwekwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, hazipiti wiki nyingi kabla barua pepe haijaingia. Inaanza kwa pongezi: "Mheshimiwa Daktari, tumevutiwa sana na kazi yako na tungependa kuichapisha kama kitabu, bila malipo yoyote." Inaomba faili la tasnifu kama lilivyo, na inaahidi kitabu kuwa sokoni ndani ya mwezi. Jioni hiyohiyo barua inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu, na maswali yanamiminika. Huyu ni mchapishaji wa kweli? Mbona mwingine kaombwa alipe? Mbona aliyeandikia nyumba ya uchapishaji ya Uingereza kaambiwa atume andiko la kitabu, si kitabu chenyewe? Na andiko la nini tena, wakati utafiti umeshakwisha?

Maswali haya hurudi kila baada ya mahafali, awe mhitimu ni wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, wa Mwenge au wa Makumira kule Usa River. Yana majibu, na majibu yenyewe si magumu. Tatizo ni kwamba hakuna kozi inayoyafundisha. Mtu anaongozwa miaka minne kuandika tasnifu, kisha anaachwa peke yake siku anapotaka kuifanya kitabu.

Mkanganyiko unaanzia kwenye maneno, basi tuanze nayo. Tasnifu ni kazi ya mtihani: imeandikwa ili watu wachache waliopangiwa kuisoma waridhike kwamba mwandishi anajua kufanya utafiti. Muswada ni maandishi kamili ya kitabu kabla hayajachapwa. Andiko la kitabu, ambalo wengi wetu tunaliita proposali, ni kurasa kama nane hadi kumi na tano zinazomweleza mchapishaji kitabu kinasema nini, kinamlenga nani, na kwa nini kitoke kwake. Mchapishaji naye si mpiga chapa. Mpiga chapa unampa faili na fedha, anakupa nakala. Mchapishaji anatia fedha zake mwenyewe kwenye uhariri, usanifu, uchapaji na uuzaji, na mtu hatii fedha zake kabla hajashawishika.

Neno proposali ndilo linalowakwaza wengi, kwa kuwa kila mhitimu ameshawahi kuandika moja, ile ya utafiti. Andiko la utafiti linaomba ruhusa ya kwenda kutafuta jibu. Lina tatizo, malengo, maswali, mbinu, ratiba na bajeti. Andiko la kitabu linaandikwa na mtu aliyekwisha kurudi na jibu mkononi. Ukimpelekea mhariri andiko linalosema "utafiti huu utachunguza", anaelewa kwamba bado uko njiani.

Moshi ni mji wa kahawa, na mnada wa kahawa unalieleza jambo hili vizuri. Mnunuzi hafunguliwi kila gunia. Anapewa sampuli, inakaangwa, inasagwa, inaonjwa kwa kijiko, pamoja na karatasi inayosema daraja la kahawa na ilikotoka. Kwa kijiko kile anaamua bei ya mzigo mzima. Sampuli hiyo haikuokotwa ovyo, wala haikuchaguliwa punje nzuri tupu. Imetolewa kwenye mzigo uleule. Andiko la kitabu ni sampuli na karatasi yake kwa pamoja. Likiwa tamu kuliko muswada, utagundulika siku mzigo utakapofika. Likiwa chungu kuliko muswada, mzigo hautaitwa kabisa.

Watu watatu, maswali matatu

Andiko husomwa na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni mhariri anayepokea kazi mpya. Huyu anasimamia fani nzima, tuseme historia au masomo ya Afrika. Si bingwa wa mada yako, na huenda hajui Kibosho iko upande gani wa mlima. Mezani kwake kuna maandiko mengine mengi, kwa hiyo anataka kuiona hoja kwenye ukurasa wa kwanza. Akiridhika, analipeleka andiko kwa wasomaji wataalamu, kwa kawaida wawili, ambao majina yao huambiwi. Hao wanauliza kama ushahidi unabeba hoja na kama mwandishi anazijua kazi za waliomtangulia. Mwishoni andiko na ripoti zao huenda kwenye kamati ya nyumba ya uchapishaji, ambako wanakaa wanazuoni pamoja na watu wa mauzo, na swali la watu wa mauzo ni jepesi: nani atakinunua?

Vyuoni tunafundishwa kumwandikia msomaji wa pili peke yake. Ndiyo maana maandiko mengi hufia kwa wa kwanza.

Hoja

Hapa pana kazi kubwa kuliko sehemu nyingine zote, kwa hiyo tutakaa kidogo. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtafiti aliyesomea mifongo, ile mifereji ya asili inayoteremsha maji ya Kilimanjaro hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa. Tasnifu yake inaitwa "Changamoto za Usimamizi wa Mifereji ya Asili ya Umwagiliaji katika Halmashauri ya Wilaya ya Moshi: Uchunguzi Kifani wa Kata Tatu". Anafungua andiko la kitabu kwa kunakili ikisiri:

"Utafiti huu ulilenga kuchunguza changamoto zinazokabili usimamizi wa mifereji ya asili. Malengo mahsusi yalikuwa matatu. Data zilikusanywa kwa hojaji, usaili na ushuhudiaji. Matokeo yalionyesha kuwepo kwa changamoto nyingi zikiwemo uhaba wa fedha, uelewa mdogo wa wananchi na mwingiliano wa kisiasa."

Kwa mtihani, aya hii haina kosa. Kwa mhariri, haina kitu. Neno lenye lawama ni "changamoto". Linaorodhesha bila kudai lolote, na hakuna mtu duniani atakayebisha kwamba changamoto zipo. Kitabu kinahitaji dai ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulibishia. Mtafiti huyohuyo, kwa data zilezile, anaweza kufungua hivi:

"Mifongo ya Kilimanjaro ilikuwa ikitiririka kabla Mjerumani hajafika, na zamu ya maji ilipangwa na ukoo ulioichimba. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kuyachepusha maji hayohayo kunahitaji kibali cha serikali. Imezoeleka kudhani kwamba kibali kimeua zamu. Kitabu hiki kinaonyesha kwamba kibali kimeingia ndani ya zamu, na mzee wa mfongo amekuwa mtu ambaye ofisi ya serikali ya bonde la maji haiwezi kufanya kazi bila yeye. Kwa kufuata mifongo mitatu kutoka chanzo chake msituni hadi shamba la mwisho tambarare, kinaeleza jinsi sheria ya dola inavyoishi kwa kuazima mamlaka ya ukoo."

Tazama kilichobadilika. "Ulilenga kuchunguza" imekuwa "kinaonyesha". Pametajwa wazo lililozoeleka, kisha likapingwa. Hojaji na usaili vimeondoka, lakini ushahidi unaonekana kwa macho: mifongo mitatu, kutoka juu hadi chini. Na sentensi ya mwisho inamwita hata msomaji asiyejali mifongo, anayesoma sheria au siasa za Peru. Jina la kitabu nalo linafuata: "Zamu ya Maji: Ukoo, Kibali na Dola katika Mteremko wa Kilimanjaro". Kata tatu na halmashauri hazina haja ya kukaa juu ya jalada.

Kuna jaribio rahisi. Andika hoja yako kwa sentensi moja isiyozidi maneno arobaini. Msomee mtu wa fani nyingine kabisa, mfamasia wa hospitali ya KCMC kwa mfano, kisha kesho yake muulize kitabu chako kinasema nini. Akikujibu "kinahusu mifereji", bado una mada, huna hoja. Akisema "kwamba serikali inamtegemea mzee wa mfongo", uko tayari kuandika. Wengi huhitaji kurudia jaribio hili mara tano au sita, na hakuna aibu katika hilo. Ni afadhali wiki tatu ziishie kwenye sentensi hiyo kuliko kuandika kurasa kumi bila kuwa nayo.

Mifupa ya tasnifu lazima ivunjwe

Tasnifu zetu nyingi zina sura tano zinazojulikana: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo na mjadala, hitimisho na mapendekezo. Kitabu hakiwezi kutembea kwa mifupa hiyo, na mhariri akiiona kwenye muhtasari wa sura anajua tasnifu haijaguswa. Kitabu chako karibu chote kimo ndani ya sura ya nne. Ndiyo ya kufungua na kuigawa iwe sura nne au tano, kila moja ikibeba hatua moja ya hoja. Mapitio ya maandiko yanapungua hadi kurasa chache za utangulizi na yaliyobaki yanaingia kwenye tanbihi. Mbinu zinatosha kurasa mbili tatu au kiambatisho. Mapendekezo kwa halmashauri, yale ya "serikali iongeze bajeti", yanaondoka. Yaandikie ripoti fupi na uipeleke halmashauri yenyewe, huko yatasomwa.

Kila sura iandikiwe muhtasari wa maneno 200 hadi 300. Usianze na "sura hii inajadili" wala "inaangazia". Anza na "sura hii inadai", kisha useme ushahidi ni upi: mashauri ya baraza la kata, daftari la chama cha watumia maji, simulizi za wazee, barua za enzi ya Mwingereza kutoka Nyaraka za Taifa. Malizia na kinachoipeleka sura ifuatayo. Muhtasari ukishindwa kupata dai, mara nyingi sura yenyewe haina dai, na ni vizuri kuligundua hilo mapema.

Wasomaji na vitabu jirani

Sentensi inayoandikwa kuliko zote kwenye sehemu ya wasomaji ni hii: "Kitabu kitawafaa wanafunzi, watafiti, watunga sera, wafadhili na umma kwa ujumla." Iondoe. Kitabu cha kitaaluma chenye jalada gumu kutoka Uingereza mara nyingi huuzwa pauni 80 au zaidi, yaani zaidi ya shilingi laki mbili na nusu, na umma kwa ujumla hauna fedha hiyo. Taja watu halisi: wanaosomesha historia ya mazingira Afrika, wanaosoma sheria za kimila, wataalamu wa usimamizi wa maji. Taja aina ya kozi ambazo sura fulani inaweza kusomeshwa. Taja vyama vya kitaaluma ambavyo mikutano yake unahudhuria. Kundi moja la msingi na mawili ya pembeni yanatosha.

Kwenye vitabu jirani, kosa ni kuandika kwa fahari kwamba hakuna kitabu chochote kilichowahi kuandikwa juu ya mada hii. Mhariri hafurahi kusikia hivyo. Duka peke yake katika mtaa mzima, ama mwenyewe ana bahati, ama mtaa hauna wateja, na mfanyabiashara mzoefu hudhani la pili. Chagua vitabu vinne hadi sita, vingi viwe vya miaka kumi iliyopita, kimoja au viwili vikiwa vya mchapishaji uleule unayemwandikia. Kila kimoja kipewe sentensi mbili tatu: kinafanya nini vizuri, na chako kinaachana nacho wapi. Usimtukane mwandishi yeyote, maana huenda yeye ndiye atakayetumiwa andiko lako alisome.

Hesabu

Mhariri anahitaji namba, na namba za kukisia zinagharimu. Urefu wa kitabu cha kwanza kwa kawaida ni maneno 70,000 hadi 90,000, na hesabu hiyo inajumuisha tanbihi na marejeleo. Hapo ndipo watu hukosea: wanahesabu sura peke yake, kisha marejeleo yanaongeza maneno 12,000 ambayo hayakuwemo kwenye makubaliano. Majedwali arobaini ya tasnifu yapungue yawe matano au sita. Picha ziwe na ukali wa nukta 300 kwa inchi katika ukubwa utakaochapwa. Picha iliyopita WhatsApp imeshapoteza ubora huo, kwa hiyo tafuta faili la mwanzo kwenye simu au kamera. Ramani iliyonakiliwa kutoka mtandaoni haifai kwa sababu ina mwenyewe, basi panga kuichoresha upya. Picha za nyaraka za kale zinahitaji kibali cha maandishi, na mara nyingi kazi ya kukitafuta, pamoja na gharama yake, ni ya mwandishi.

Taja pia ni kiasi gani cha kitabu kimeshatoka kama makala za jarida. Nyumba nyingi zinavumilia hadi kama theluthi moja. Zaidi ya hapo wanauliza mnunuzi atapata nini kipya. Kwa sababu hiyo anayejua anataka kitabu asizimwage sura zote majaridani. Atoe makala mbili zilizo bora, abaki na zinazobaki. Ushauri huu ni wa watu wa sayansi za jamii, historia, lugha, sheria na theolojia. Kwa walioko Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, kwenye maabara za maji na nishati, njia ya kawaida ni makala za jarida, na hakuna haja ya kujilazimisha kitabu kwa sababu tu jirani anacho.

Tarehe ya kukamilisha muswada iandikwe kwa mwezi na mwaka, na iwe ya kweli. Karibu kila mtu huandika miezi sita. Mhadhiri msaidizi mwenye kozi tatu, madarasa ya mamia, na mitihani ya kusahihisha kila mwisho wa muhula, hamalizi kwa miezi sita. Andika kumi na miwili au kumi na minane. Mhariri hakasirishwi na muda mrefu. Kinachomkwaza ni ahadi iliyovunjwa, kwa sababu ameshapanga bajeti ya mwaka ule.

Kuhusu sura za mfano, tuma utangulizi na sura moja iliyo imara kuliko zote, zikiwa zimeshaandikwa upya na kupitiwa na mtu mwingine mwenye jicho la lugha. Kamwe usitume mapitio ya maandiko. Barua ya kusindikiza iwe ukurasa mmoja: hoja, jina la mfululizo wa vitabu unaokilenga, na sentensi mbili kukuhusu. Wasifu usizidi kurasa mbili. Nyumba nyingi zina fomu yao tovutini. Ikiwepo, jaza hiyo, na usimtumie mhariri andiko la mpangilio wako. Wanaweza kukuomba upendekeze wasomaji wataalamu. Taja watatu hadi sita, na wasiwe msimamizi wako, mtahini wako, wala mtu mliyeandika naye.

Umpelekee nani

Angalia rafu yako mwenyewe. Vitabu unavyovinukuu zaidi vimetoka kwa nani? Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu mhariri wa pale tayari anayajua mazungumzo unayotaka kuingia. Kuna nyumba kubwa za vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani, kuna James Currey ambayo kwa miaka mingi imejikita kwenye Afrika na sasa iko chini ya Boydell & Brewer, kuna CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lililoko Dakar, lililoanzishwa 1973. Hapa nyumbani kuna Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, na vitabu vyake hufika nje kupitia African Books Collective, msambazaji wa vitabu vya wachapishaji wa Afrika. Aliyeandika kwa Kiswahili anayo TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kumwandikia mchapishaji wa nyumbani si kushuka daraja. Swali ni wasomaji unaowataka wako wapi.

Je, inaruhusiwa kupeleka andiko kwa wachapishaji wawili kwa wakati mmoja? Hapa wengi huchanganya na sheria ya majarida, ambako makala hupelekwa sehemu moja tu. Kwa andiko la kitabu, wachapishaji wengi wanaruhusu, ila useme wazi kwenye barua. Ni kama barua ya posa: kuulizia nyumba mbili si dhambi, dhambi ni kila nyumba kudhani iko peke yake. Muswada kamili ukishaombwa na kupelekwa kwa wasomaji, hapo unakaa na mmoja hadi jibu litoke.

Fedha, ISBN na zile barua pepe

Kwa kitabu cha kawaida cha kitaaluma, mchapishaji makini hamtozi mwandishi ada ya kuchapisha. Kuna malipo mamoja halali yanayowachanganya watu: ada ya ufikiaji huria, ambapo taasisi au mfadhili hulipa, mara nyingi maelfu ya pauni, ili kitabu kisomwe bure mtandaoni. Hiyo ni hiari, na haiguswi kabla wasomaji wataalamu hawajakipitisha kitabu. Ukidaiwa fedha kabla ya mtu yeyote kuisoma kazi yako, ondoka.

Zile barua pepe za baada ya mahafali, je? Mara nyingi kweli hazidai fedha. Zinachukua tasnifu ilivyo, bila msomaji mtaalamu na bila mhariri, zinaipa jalada na kuiuza kwa bei kubwa, na wanunuzi wakubwa ni mwandishi na ndugu zake. Hasara yake inakuja baadaye: haki umeshazitoa, na mchapishaji makini hachukui kitabu ambacho tayari kiko sokoni. Kwenye kupanda cheo vilevile, kamati huuliza kama kazi ilipitiwa na wataalamu.

Utasikia mtu akijitetea, "Lakini kina ISBN." ISBN ni namba ya utambulisho, kama namba ya gari. Hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na hata anayejichapishia mwenyewe anaipata. Inasaidia duka na maktaba kukipata kitabu. Haisemi lolote kuhusu ubora wake.

Na hofu ya kwamba tasnifu ikishakuwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo basi kitabu kimekufa? Kwa wachapishaji wengi sivyo, mradi kitabu kimeandikwa upya kwelikweli. Liseme mwenyewe kwenye andiko, na ueleze ni nini kimebadilika. Ukiwa na wasiwasi, kiulize chuo kama kinaruhusu tasnifu ifungwe kwa muda, isisomwe mtandaoni.

Kuna jambo ambalo fomu za wachapishaji huligusa kidogo mno, nalo ni zito kwa anayeishi jirani na watu aliowahoji. Rudi kwenye fomu ya ridhaa. Wengi tuliwaambia wazee kwamba taarifa zao "zitatumika kwa madhumuni ya masomo tu". Kitabu kinachouzwa ni kitu kingine. Jina la mzee aliyesimulia ugomvi wa maji na jirani yake, likitoka kwenye tasnifu iliyolala maktaba na kuingia kwenye kitabu, linaweza kumfikia jirani huyo. Zungumza na kamati ya maadili ya chuo, rudi kijijini, omba ridhaa upya, au badilisha majina pamoja na alama zinazomtambulisha mtu. Kwenye kijiji chenye mfongo mmoja, kuficha jina na kuacha cheo "mzee wa mfongo" si kuficha.

Baada ya kutuma

Mhariri anaweza kujibu baada ya wiki mbili au nane. Miezi miwili ikipita kimya, barua moja fupi ya kuulizia ni haki yako. Ripoti za wasomaji huchukua miezi miwili hadi minne, pengine zaidi. Zikija, karibu kila mara zina ukosoaji, na utaombwa uandike jibu. Usiliandike siku hiyohiyo. Panga hoja zao moja moja na useme utakachobadilisha na katika sura ipi. Wakipingana, chagua upande na ueleze sababu. Pale unapokataa, kataa kwa ushahidi. Kamati husoma jibu hilo kwa makini, maana linawaonyesha kama wewe ni mtu wa kufanya naye kazi.

Mkataba unaotolewa kwa andiko pekee kwa kawaida una sharti kwamba muswada kamili nao utapitishwa na wasomaji. Kwa hiyo usiandike kwenye wasifu kwamba kitabu "kinatoka" kabla hatua hiyo haijapita. Muswada ukishapokelewa, uzalishaji unaweza kuchukua miezi tisa hadi kumi na miwili. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo ya vitabu hivi, ni asilimia ndogo ya mapato halisi, na nyumba nyingine hazianzi kulipa hadi mamia ya nakala yauzwe. Angalia kwenye mkataba nani anatengeneza faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa mwishoni mwa kitabu: mara nyingi ni mwandishi, kwa mikono yake au kwa fedha zake, ndani ya wiki mbili tatu za mwisho. Angalia utapewa nakala ngapi za bure. Angalia haki zitarudi kwako lini kitabu kikiisha sokoni.

Kisha angalia kifungu cha haki za maeneo. Kitabu kuhusu maji ya Kilimanjaro kinachouzwa pauni 80 hakitafika kwa mwalimu wa sekondari Marangu wala kwa katibu wa chama cha watumia maji, watu ambao bila wao kisingeandikwa. Wapo wachapishaji wa nje wanaokubali kumpa mchapishaji wa huku haki ya kutoa toleo la bei nafuu la Afrika Mashariki, au kumwachia mwandishi haki ya tafsiri ya Kiswahili. Si wote, na si bila kuombwa. Sentensi yenyewe ni fupi: "Mwandishi angependa haki za toleo la Afrika Mashariki na za tafsiri ya Kiswahili zijadiliwe kabla ya mkataba." Mahali pake ni kwenye andiko, chini ya sehemu ya wasomaji. Mkataba ukishatiwa saini, mara nyingi haki za dunia nzima zimeshakwenda.